Mshipi wa Kwanza wa Mtoto

Mzazi akiingia dukani Songea kumnunulia mwanawe zana za kuvulia samaki, swali lake la kwanza huwa: "Huu hautakatika?" Muuzaji humshushia mshipi mnene, ndoano kubwa na chubwi zito. Mtoto anaenda bwawani, anakaa hadi jua linazama, perege wanamlia chambo kimyakimya na kumwachia ndoano tupu. Kesho yake hataki tena kwenda, na nyumbani wanasema hana subira.

Subira anayo. Zana ndizo zilizomficha samaki. Perege wa bwawa la kuchimba, anayetosha kiganjani, mara nyingi hafiki hata robo kilo, na hao ndio mtoto wa hapa atakaokutana nao. Kituo cha Ruhila kinazalisha vifaranga, wafugaji wana mabwawa yao, na ukiomba kwa adabu mwenye bwawa hakatai mtoto kukaa ukingoni na ndoano moja. Kwa samaki wa kiasi hicho nguvu ya mshipi ni jambo dogo. Mimi napima zana ya mtoto kwa swali moja: samaki akigusa chambo, mkono wa mtoto unajua?

Anza na ufito, maana hapo ndipo wengi wanapoharakisha. Songea tuna bahati ya mianzi ya ulanzi. Ukuta wake ni mnene na tundu lake la ndani ni dogo, chini kabisa pengine halipo, kwa hiyo haupasuki ovyo kama mianzi ile mikubwa yenye uwazi. Kasoro yake ni uzito. Tafuta uliokulia pembeni mwa kichaka, mwembamba tangu shinani: chini usizidi gumba la mtu mzima, na nchani ukaribie unene wa njiti ya kiberiti.

Uwe umekomaa. Mwanzi mchanga unang'aa kijani na bado umevaa maganda yake kwenye mafundo. Uliotimiza miaka mitatu hivi umefifia rangi, una mabaka ya kijivu, na ukiugonga kwa mgongo wa kisu unalia kwa sauti kavu. Ule mchanga hutoa mlio mzito, na ukikauka husinyaa na kupinda. Kata kiangazi, kati ya Julai na Septemba, wakati sukari imepungua ndani yake na wadudu wanaobungua hawaupendi sana. Mwombe mwenyewe kwanza. "Shikamoo mzee, naomba ufito mmoja mkavu wa mtoto" inatosha. Chipukizi usiliguse kabisa, kwani hilo ndilo litakalogemwa ulanzi mvua zikija, na kulikata ni kumnyima mtu kipato chake.

Ufunge nchani, uuning'inize kwenye paa la jiko la kuni, na shinani ufunge jiwe ili ukauke ukiwa umenyooka. Moshi unasaidia kuwafukuza wadudu. Baada ya wiki tatu au nne rangi ya kijani inaisha na ufito unakuwa mwepesi kuliko ulivyodhani. Palipobaki pamepinda pitishe juu ya makaa, taratibu, ukinyoosha kwa goti, na usiache paungue.

Sasa upime. Mpe mtoto aushike shinani kwa mkono mmoja, usawa wa kiuno. Kiwiko kikishuka kabla hujamaliza kuzungumza naye, ni mzito au ni mrefu mno. Kwa mtoto wa miaka saba mita mbili na robo zinatosha. Kisha utikise mara moja tu na uangalie ncha: ufito mzuri hutikisika na kutulia upesi, mbaya huendelea kuchezacheza, na kucheza kwake kutamdanganya mtoto kwamba samaki amegusa. Mwisho tundika funguo nchani. Mpindo uanze nchani na ushuke polepole hadi katikati. Ukiona mahali pamevunjika kona, hapo ndipo utakapokatika, hata kama leo haujatoa sauti. Mtihani huu wa funguo ndio ninaoutegemea kuliko yote, na sijaona ufito uliopinda vizuri hapo ukashindwa bwawani.

Mshipi usikuchukulie muda mrefu. Nunua nailoni ya unene wa milimita 0.20 hadi 0.25, unene unaoandikwa kwenye karatasi ya kigurudumu chake. Kataa kigurudumu kilichokaa dirishani mwa duka, kwa kuwa jua hudhoofisha nailoni bila kuibadilisha sura. Vuta urefu wa mkono, upitishe kati ya kucha mbili usikie kama una vinundu, halafu uachie: ukirudi kwa pete ngumu kama springi, umezeeka. Piga fundo, lilowanishe kwa mate, uvute kwa ghafla. Mshipi mzima huvutika kidogo kabla ya kukatika, uliokufa hukatika papo hapo. Urefu wake uwe sawa na ufito au pungufu kidogo, ili mtoto akiuinua ndoano imfikie mkononi bila kuikimbiza.

Kwenye ndoano watu hudanganywa na namba. Katika ndoano ndogo hizi namba ikipanda, ndoano inapungua, hivyo namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Mdomo wa perege ni mdogo. Kwa mtoto nachukua namba 10 hadi 14, yenye mguu mrefu, kwani mguu mrefu humpa pa kushika anapoitoa. Mustad wa Norway wanatengeneza ndoano tangu 1877 na jina lao linajulikana mpaka kwenye vijiji vya Ziwa Nyasa, lakini jina kwenye pakiti halikuondolei kazi ya kupima kila moja. Burura ncha juu ya ukucha wa gumba bila kukandamiza. Ikikwama na kuacha alama, ni kali. Ikiteleza, irudishe. Kisha ishike kwa koleo na uisukume kidogo: inayofunguka kirahisi ni laini, inayokatika imechomwa kupita kiasi, inayopinda kidogo na kurudi ndiyo ya kununua. Tazama na tundu la kufungia. Likiwa na uwazi, ukingo wake utakula mshipi.

Ukishachagua, bana kwa koleo kile kijino cha ndani mpaka kilale. Wavuvi watakwambia samaki wataponyoka. Wachache wataponyoka, ni kweli, na mtoto atajifunza kutolegeza mshipi. Lakini ndoano isiyo na kijino ikiingia kidoleni hutoka ilikopitia. Yenye kijino usiivute nyumbani. Mpeleke zahanati na uulizie chanjo ya pepopunda.

Chubwi liwe dogo kuliko unavyofikiri. Risasi hufanya kazi vizuri sana majini, ila watoto hubana kila kitu kwa meno, na risasi ni sumu mwilini. Nati ndogo ya baiskeli inatosha. Kielea kinachopendwa na watoto wetu ni kipande cha kandambili, nacho kinafaa kikikatwa chembamba. Tatizo ni kwamba wanakikata kikubwa, samaki akikivuta anahisi uzito na kuachia chambo. Kilichonyooka cha unyoya wa kuku, kikiwa kimefungwa wima, ndicho bora kuliko vyote nilivyoviona. Kinazama kwa pumzi ya samaki. Bua la mahindi lililokauka ni jepesi na Ruvuma halikosekani, ila linanywa maji, kwa hiyo beba mawili.

Sasa rili, maana wajomba walioko Dar es Salaam na ughaibuni hupenda kuzituma kama zawadi, na mtoto akiiona hataki tena kusikia habari za mwanzi. Bwawani haina kazi. Ina kazi ukimpeleka Mbamba Bay, juu ya miamba ya Ziwa Nyasa, ambako samaki wako mbali kuliko ufito unavyofika na mshipi inabidi urushwe.

Ile inayovutia macho zaidi ni rili ya kukaa juu ya fimbo, ambayo gurudumu lake lenyewe huzunguka mshipi unapotoka. Asili yake ni Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, kwa fundi saa George Snyder, na mpaka leo inadai usahihi wa saa. Chubwi likipunguza mwendo angani, gurudumu halijui; linaendelea kutoa mshipi usio na pa kwenda, nao unajisokota hapohapo. Kuna vizuizi vitatu: skrubu ya pembeni inayobana mhimili, breki ya sumaku au ya vipande vinavyotanuka kwa kasi ya mzunguko, na gumba la mvuvi. Gumba la mtoto huchelewa kujifunza, kwa hiyo viwili vya kwanza vimfanyie kazi. Chagua yenye breki ya sumaku inayogeuzwa kwa nje, isiyozidi gramu 200 na kidogo, inayofunikwa na kiganja chake. Amua kabla ya kulipa mkono utakaozungusha, kulia au kushoto, kwani aina hii haihamishiki.

Ipime hivi. Tikisa gurudumu ubavuni. Lisicheze kwa sauti. Zungusha mkono wa rili polepole ukiisikiliza karibu na sikio. Mkwaruzo mmoja katika kila mzunguko ni jino lililoharibika. Funga uzito wa gramu 15, bonyeza kitufe cha kuachia, na ukaze skrubu mpaka uzito ushuke polepole, na ukigusa chini gurudumu lisimame lenyewe. Rili isiyoweza kufikishwa hapo, iache. Na usimpe mtoto uzito mwepesi kuliko huo, hata kama fimbo inaruhusu: kitu chepesi hakivuti gurudumu, kinalikurupusha. Ubora wa aina hii, kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea, ni kwamba gumba lake linakaa juu ya mshipi na kila mguso unapita chini yake.

Mdogo zaidi ya hapo apewe rili iliyofunikwa, yenye kitufe kimoja cha kubonyeza. Hiyo ilianza kuuzwa 1949 huko Tulsa, Oklahoma, na kampuni iliyokuwa ikitengeneza mabomu ya visima vya mafuta, Zero Hour Bomb Company, iliyofupishwa kuwa Zebco. Aliyeibuni, R. D. Hull, naye alikuwa fundi saa. Mshipi wake hausokotani, ila mkono hausikii sana.

Zana zikishafungwa, kabla ya kwenda majini, mwambie mtoto ashike ufito na kufumba macho. Shika mwisho wa mshipi, uuvute unyooke, uuguse kwa ncha ya kidole, mara kwa kuchelewa, mara upesi. Aseme "hapo!" kila anaposikia. Asiposikia, toa chubwi ujaribu tena. Bado? Badilisha mshipi uliopo kwa mwembamba zaidi. Ikishindikana hapo, kosa liko nchani mwa ufito: chukua kisu, parura pingili mbili za mwisho kidogokidogo, pande zote sawa, ukirudia kugusa mshipi kila baada ya kuparura, na uache mara tu anapoanza kusema kabla yako.