Kupima Barabara kwa Baiskeli: Simu Ifungwe Kwenye Gurudumu

Wengi wanaotaka kujua barabara inaizuia baiskeli kiasi gani huifunga simu kwenye usukani, hupiga pedali mpaka mwendo ukolee, kisha huiacha baiskeli iende yenyewe huku simu ikirekodi. Wazo ni sahihi, kwa kuwa miguu ikitulia kwenye njia tambarare kinachopunguza mwendo ni barabara na hewa. Kasoro iko pale simu ilipofungwa.

Kwenye lami nzuri, tairi lenye upepo wa kutosha huipunguzia baiskeli mwendo wa takriban mita 0.06 kwa sekunde, kila sekunde. Ni kidogo mno. Kihisi cha mchapuko kilichomo ndani ya simu hukanganywa na mvutano wa dunia: simu ikiinama nyuzi 1 tu, usomaji unapotoka kwa 0.17, karibu mara tatu ya kile unachokitafuta. Na usukani hautulii hata kidogo.

Gurudumu ndilo la kuaminiwa. Simu ilazwe kwenye spoku za gurudumu la mbele, karibu na ekseli, ikazwe kwa vipande vya tyubu kuukuu. Hapo jairoskopu, kihisi cha mzunguko kilichomo ndani ya simu, hupima kasi ya mzunguko, na kilichobaki ni kujua mzunguko mmoja ni mita ngapi. Pima ukiwa umekaa juu ya baiskeli, maana tairi hubonyea kwa uzito: weka alama ya chaki tairi linapogusa chini, sogea mpaka alama irudi chini, pima umbali. Programu ya bure ya Phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, hugeuza mzunguko kuwa mwendo ukiipa nusu kipenyo cha gurudumu, kinachopatikana kutokana na umbali huo.

Mteremko ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Njia ikishuka mita 1 kwa kila mita 100, baiskeli hupata msukumo unaozidi kizuizi chote cha lami. Kwa hiyo pita palepale kwenda na kurudi, uchukue wastani, tena asubuhi kabla upepo haujaamka.

Tuseme mwendo umeshuka kutoka mita 3 hadi 2 kwa sekunde ndani ya sekunde 12. Hiyo ni 0.083. Kwa mwendeshaji aliyekaa wima, uzito wote ukiwa kilo 90, hewa inachukua kama 0.025. Inabaki 0.058, gawanya kwa mvutano wa dunia, 9.8, upate 0.006. Hicho ndicho kipimo cha lami ile na tairi lile. Kwenye mchanga mlaini hupanda mara kadhaa, kwa sababu tairi huzama na kulazimika kuusukuma mchanga uliolitangulia.

Changarawe inataka uangalifu zaidi. Tairi likijazwa likawa gumu kama jiwe, linarukaruka, na nguvu inapotea kwa kukutikisa wewe mwenyewe. Punguza upepo kidogo kidogo, rudia kipimo kila mara, mpaka uone pale kizuizi kinapoacha kushuka na kuanza kupanda.