Kasha si Diski

Hatukubaliani na wafasiri wanaoita "diski ya nje" kasha tupu la kutilia diski ngumu iliyotolewa katika kompyuta ya mezani. (Wengine husema "diski kuu", ikishatolewa, ukuu wake uko wapi?) Karani wa ushirika wa pamba huko Bariadi, ambaye kompyuta yake imekufa na hesabu za wakulima zingali ndani ya diski, akiagiza "diski ya nje" ataletewa diski mpya isiyo na kitu. Twapendekeza "kasha la diski". Tena aandike "la inchi 3.5, lenye adapta yake", kwani diski hiyo huhitaji volti 12, ilhali waya wa kawaida wa USB hutoa volti 5 tu.