Sikio la Fundi: Sifa ya Anayetafuta Ubovu wa Miksa

Miksa ya kurekodia, yaani chombo kinachopokea sauti za waimbaji na ala mbalimbali, kuzirekebisha na kuzipeleka kwenye kinasa, kila moja kwenye njia yake, ili zije zichanganywe baadaye, ni miongoni mwa vyombo ambavyo uzima wake hutambulika kwa yale yasiyosikika. Msikilizaji wa wimbo uliorekodiwa vizuri hasikii mvumo wa umeme wala mkwaruzo wa swichi iliyochakaa, na hana habari kwamba spika ya kushoto ilikuwa ikizima na kuwaka asubuhi ya siku ile. Kimya hicho kimefanyiwa kazi na mtu. Mwimbaji huandikwa jalidani, na prodyuza wa siku hizi hutajwa mwanzoni mwa wimbo kabla hata ngoma haijalia, ilhali aliyeutafuta ubovu ndani ya miksa mpaka akaupata hana pa kutajwa, kwa kuwa kazi yake ikikamilika haiachi alama.

Kwa miaka mingi kazi hiyo haikuwa ya nyumbani. Studio kubwa kama ile ya Abbey Road mjini London ilikuwa na kada nzima ya mafundi wa matengenezo, waliovaa makoti meupe mithili ya watu wa maabara, na mwanamuziki aliposikia mvumo alichotakiwa kufanya ni kuweka gitaa chini na kusubiri. Mgawanyo huo ulianza kuvunjika mwaka 1979, kampuni ya Kijapani ya TEAC ilipotoa Portastudio 144, mashine iliyoweka miksa ndogo na kinasa sauti cha njia nne ndani ya sanduku moja la kutosha mezani, nayo ilitumia kaseti zilezile zilizouzwa madukani. Januari 1982 Bruce Springsteen alitumia mashine hiyo ndani ya nyumba huko Colts Neck, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, kurekodi nyimbo alizokusudia ziwe mfano tu wa kuwasikilizisha wanamuziki wenzake. Mwishowe rekodi hiyohiyo ya nyumbani ndiyo iliyotolewa mwaka uleule kuwa albamu ya Nebraska, baada ya mafundi kusumbuka sana kuitoa kwenye kaseti na kuifikisha kwenye santuri. Wanaokisimulia kisa hicho hupenda kusema kwamba studio ilihamia nyumbani. Wanalosahau ni kwamba fundi hakuhama nayo. Tangu hapo mwenye nyumba amelazimika kuwa mwanamuziki na fundi kwa wakati mmoja, na ugumu wa hali hiyo hauko mikononi, uko masikioni.

Sikio la mwanamuziki limezoeshwa kufuata maana: hufuata sauti inayoimba na kuacha mengine yapite, hata mvumo uliokuwa kero dakika ya kwanza huwa haupo tena ifikapo dakika ya kumi, kama vile jirani wa mashine ya kusaga anavyoacha kuisikia mashine. Sikio la fundi hutakiwa kufanya kinyume chake, liuache wimbo na kushika kile kisichohusika nao. Ndiyo maana anayeijua kazi huanza kwa kuzima muziki, akateremsha vitelezi vyote, yaani vile vipini vya kusogezwa juu na chini, kisha akavipandisha kimoja kimoja huku akisikiliza chombo kitupu. Si jambo dogo kumwomba msanii aliyejaa wimbo kichwani asikilize utupu, na wengi hushindwa hapo, wakaanza kufungua skrubu kabla hawajajua wanachokitafuta.

Ishara, yaani umeme mdogo unaobeba umbo la sauti, husafiri ndani ya miksa kituo kwa kituo. Huanzia kwenye maikrofoni, hupita kwenye kebo, huingia katika kikuzaji cha mwanzo ambacho huiongezea nguvu, hupita kwenye vidhibiti vya besi na vya sauti nyembamba, hufika kwenye kitelezi cha chaneli, kisha hukutana na ishara za chaneli nyingine na kutoka kuelekea kwenye spika au kinasa. Asiyejua huichunguza safari hii kuanzia mwanzo hadi mwisho, au huanzia popote mkono unapoangukia. Fundi husimama katikati. Kama ishara ni safi hapo, nusu yote ya nyuma imeachiwa huru na kesi imebaki kwa nusu ya mbele, nayo hugawanywa tena. Kwa njia hiyo safari ya vituo 16 humalizwa kwa maswali manne. Vilevile hubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Akihamisha kebo kutoka chaneli ya kwanza hadi ya pili na ubovu ukaifuata kebo, mkosaji amejulikana. Ubovu ukibaki palepale, chaneli ndiyo ya kuulizwa. Mwenye kubadili kebo, maikrofoni na chaneli kwa pigo moja anaweza kweli kuiponya miksa, ila hatajua ameponya nini, na ugonjwa ukirudi atakuwa mgeni kwake upya.

Hakuna mahali ambapo sikio la mwanamuziki na sikio la fundi husaidiana vizuri kama kwenye mvumo. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, nao unapovuja ndani ya ishara husikika kama sauti nzito isiyokoma ya kiwango hichohicho. Mvumo wa namna hii mara nyingi hutokana na mzingo wa ethi: miksa na kompyuta zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, kila moja imeshikwa na waya wake wa ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, na kebo ya sauti inayoziunganisha hukamilisha duara ambamo umeme mdogo huzunguka na kuimba. Lakini upo mvumo mwingine ulio juu ya huo kwa oktavu nzima, wa mizunguko 100. Huo huelekeza kwenye sehemu ya ndani inayogeuza umeme wa gridi kuwa umeme wa kwenda upande mmoja, kazi ambayo hulikunja kila wimbi na kuzaa mapigo mawili badala ya moja. Kapasita kubwa zilizowekwa kuyasawazisha mapigo hayo zikikauka kwa uzee, mapigo hupenya na kusikika. Mpiga gitaa la besi hahitaji kipimo kuitofautisha mivumo hii. Noti ya freti (pingili ya shingo ya gitaa) ya tatu kwenye uzi wake mnene kabisa ni mizunguko 49 kwa sekunde, na uzi wake mwembamba ukipigwa mtupu hutoa 98. Mvumo ukilingana na noti ile ya kwanza, ukiizidi kidogo tu, shaka iende kwenye ethi. Ukilingana na uzi mtupu, shaka iende kwenye kapasita. Huko Marekani, ambako gridi ni ya mizunguko 60, noti zitabadilika ila hoja ni ileile.

Mzingo wa ethi huvunjwa kwa kuvichomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, au kwa kutumia kebo yenye nyaya mbili zinazobeba ishara ileile kwa pande zinazopingana, ili kelele iliyoingia katika zote mbili ijifute yenyewe mwisho wa safari. Wako wanaouvunja kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi. Mvumo hukoma kweli, lakini huo haustahili jina la ufundi. Ni kumhamishia hatari mwimbaji, ambaye midomo yake hugusa chuma cha maikrofoni huku vidole vyake vikigusa nyuzi za gitaa.

Ubovu mwingine huletwa na hewa. Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, unyevu wenye chumvi hula chuma taratibu, na ndani ya miksa hupenda kushambulia vibao vidogo vya mguso vilivyo kwenye matundu ya jeki. Baadhi ya matundu hayo yameundwa ili ishara ipite yenyewe kunapokuwa hakuna plagi na ikatike plagi inapoingizwa. Kwa hiyo tundu ambalo halijatumiwa kwa miaka mingi ndilo linaloweza kuiua chaneli, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu hakuna anayemshuku asiyefanya kazi. Fundi huingiza plagi kwenye tundu hilo na kuitoa mara kadhaa, mguso ukajisugua, na chaneli iliyohesabiwa kuwa maiti ikafufuka bila skrubu hata moja kufunguliwa. Tiba hiyo haidumu mpaka tundu lisafishwe kwa dawa yake, lakini kama kipimo haina mfano.

Voliumu zinazokwaruza zinapozungushwa nazo husafishwa kwa dawa hiyohiyo, kwani aghalabu ni vumbi juu ya njia ya kaboni. Mkwaruzo ukibaki baada ya kusafisha, asiyejua huinunulia miksa voliumu mpya, ilhali anayejua hutafuta kapasita iliyo jirani inayovujisha umeme mahali usipotakiwa kufika.

Ubovu wa kuja na kuondoka ndio unaompima fundi kuliko wote. Miksa huzima ikipata joto na kupona ikipoa, au hukatika pale tu mlango unapobamizwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ubovu wa namna hii unahitaji kuumbuliwa: kifuniko kikiwa wazi, fundi huzigonga sehemu za ndani polepole kwa kijiti cha plastiki, huku mkono wake wa pili ukiwa mbali na umeme, mpaka aifikie ile pointi ya lehemu iliyopasuka ufa usioonekana kwa macho. Kuiyeyusha upya ni kazi ya sekunde chache. Kuifikia kunaweza kumaliza siku nzima, na fundi anayetoza malipo ya sekunde zile anajidhulumu.

Si haba pia miksa zinazoletwa kwa fundi zikiwa nzima. Kitufe kimebonyezwa bila kujua, au maikrofoni ya kondensa, ambayo haifanyi kazi mpaka ipelekewe umeme wa volti 48 kupitia kebo yake, imechomekwa umeme huo ukiwa umezimwa. Fundi mwenye adabu huwasha swichi ya umeme huo bila kucheka.

Portastudio za kwanza sasa zina zaidi ya miaka 40, na kinachoziua kwa kawaida ni mkanda wa mpira unaozungusha mitambo ya kaseti, ambao hulegea au huyeyuka kuwa lami. Anayeubadilisha haiokoi mashine peke yake, bali na nyimbo zilizorekodiwa humo. Portastudio 144 huandika njia zote nne kwa kuelekea upande mmoja, tena kwa kasi maradufu ya kaseti ya kawaida. Kaseti iliyorekodiwa humo ikiwekwa kwenye redio kaseti ya nyumbani, njia mbili husikika zikijikokota oktavu moja chini, na mbili zilizobaki husikika upande wa pili wa kaseti, kinyumenyume.