Tazama Makaa Kwanza

Kabla ya kuagiza mishkaki, tazama makaa. Yakiwa bado yana ndimi za moto, vuta subira au nenda kwa mchomaji wa jirani. Makaa ya kuchomea nyama ni yale yaliyokwisha kuvaa jivu jeupe, yasiyo na moshi wala mwali, lakini kiganja hakiwezi kukaa juu yake. Mchomaji anayejua kazi huwasha jiko Magharibi ili aanze kuchoma watu wakitoka kusali Isha. Mwenye pupa huwasha wateja wakishafika. Hupepea kwa nguvu, mafuta yakadondoka, mwali ukaruka, nyama ikapakwa masizi nje na ndani ikabaki mbichi. Ukila, uchungu wa masizi utaubeba kaakaani usiku kucha.

Nimeanza na makaa kwa sababu ndiyo yaliyonifunza kigezo ninachokitumia kwa jioni nzima ya Mvita, yaani kisiwa cha Mombasa, toka sahani hadi wimbo: ni wapi mwenye kazi amekataa kuharakishwa? Kisiwa hiki kinamrahisishia kazi mpenda vizuri. Vingi vinavyouzwa usiku hutengenezwa mbele yako, barazani au kando ya njia, pasipo ukuta wa jikoni kati yako na mpishi. Basi macho yatangulie mfuko.

Mishkaki ya hapa ni vipande vidogo vya nyama ya ng'ombe vilivyolazwa katika tangawizi, kitunguu saumu, ndimu au ukwaju, pilipili na papai bichi. Papai ndilo la kuangaliwa. Utomvu wake una kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, na kwa kiasi kidogo ni rehema kwa meno. Likizidi, nyama hupoteza umbo, ikawa laini ya kuchukiza, isiyo na cha kutafuna. Kwa kawaida kosa hilo hutokana na haraka: mpishi hakuilaza nyama mapema, akaongeza papai ili saa moja ifanye kazi ya usiku mzima. Kwa hiyo kipande cha kwanza kile kitupu, bila chatne. Meno yapite bila taabu, lakini nyuzi uzihisi. Chumvi na tangawizi uvikute ndani ya mnofu, si juu ya ngozi yake tu.

Tazama na namna vilivyotungwa kwenye chuma. Vikibanwa mno, pande zinazogusana hazipati moto. Mahali pengine utaona kipande cha mafuta kimewekwa kati ya minofu. Hiyo ni alama ya mtu anayefikiri, kwani mafuta yale huyeyuka taratibu na kuilainisha nyama iliyo jirani. Chatne ya ukwaju nayo iwe chachu kabla ya kuwa tamu. Ikitangulia sukari, aghalabu ukwaju ni mchache na maji ni mengi.

Kwa muhogo, nenda mapema, jua likiwa bado lipo, hadi Mama Ngina, ukingo wa kusini ambako meli hupita karibu zikielekea Kilindini. Ufuo ule ulikarabatiwa upya, na sherehe ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2019 ikafanyiwa pale pale. Muhogo hauna mengi. Unapopasuliwa kabla ya kupakwa pilipili, chumvi na ndimu, uwe mweupe na wa unga. Mishipa ya samawati au myeusi ndani yake ina maana umekaa siku kadhaa tangu kung'olewa. Ukiwa mchungu, uache.

Viazi karai navyo huhukumiwa kwa kuvunja kimoja. Ganda la unga liwe jembamba, limeshikana na kiazi. Ukiona pengo kati ya viwili hivyo na mafuta yamejaa humo, ujue karai halikuwa na moto wa kutosha vilipotiwa. Kuna jaribio jingine ambalo halihitaji hata kuonja. Msalimie mwenye karai, kisha useme:

"Masalkheri, mama. Nipe vya sasa hivi."

Akikujibu, "Ngoja kidogo, mwanangu, mafuta hayajawa," umefika mahali pake. Kaa usubiri.

Baada ya kula, ingia Mji wa Kale. Ukiwa umeipa mgongo Ngome ya Yesu, shika Ndia Kuu, na ukifika karibu na Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, utakuwa umepita baraza kadhaa zenye watu na finjani. Hapo pana ufundi ambao wageni wengi huupita mbio, nami naupa heshima kubwa kuliko wote wa chakula: kahawa ya dele, yaani ya birika.

Kahawa hii haina maziwa wala sukari, kwa hiyo haina pa kuficha kasoro. Buni ikaangwe hadi iwe nyeusi bila kuungua, itwangwe, ichemshwe na tangawizi, kisha iachwe itue. Kutua ndiko wengi wanakokuruka. Ukiinamisha finjani na kukuta machicha yameganda chini, muuzaji alimimina kabla ya wakati. Ukihisi ladha ya mkaa mwanzo mwisho, buni iliungua, na hakuna iliki itakayoiponya. Katika kahawa iliyokamilika uchungu hufika ulimini kwanza, tangawizi ikafuata kooni, na baada ya kumeza hubaki harufu ya buni, si ya viungo. Dele likae juu ya makaa hafifu, yanayolitunza joto bila kuichemsha tena kahawa. Finjani isijazwe pomoni. Kidogo kidogo ndiyo adabu yake, kwani kila funda linakuja likiwa moto, na mazungumzo yanapata nafasi. Muuzaji wa aina hii humwita mzee aliyekaa pembeni "ami" na hujua nani anapenda nyepesi na nani anataka ile ya chini ya dele.

Si ajabu kiwango kiko juu. Bandari ya Mokha huko Yemen iliwahi kuwa soko kuu la kahawa duniani, na koo nyingi za Mji wa Kale zina asili ya Hadhramaut. Upande wa pili wa asili hiyo ni Oman, ambayo jeshi lake liliizingira Ngome tangu 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Halwa ya Mvita na ile ya Maskati ni ndugu wa damu: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, na mkono usiochoka kukoroga. Kipande kizuri hukatika safi, hung'aa, na ukikibonyeza kwa kidole hurudi. Kisikung'ang'anie menoni, wala usiuhisi unga wa wanga ulimini. Ukiuhisi, hiyo ni halwa iliyoepuliwa kabla ya saa yake. Samli ikiwa imejitenga na kutuama pembeni, mpishi naye hakukoroga vya kutosha mwishoni. Kula kipande kidogo, kisha kahawa. Halwa ndiyo sukari ya finjani hiyo.

Sasa taarabu, na hapa nitakaa.

Usitegemee kuikuta kila usiku. Makazi yake halisi Mombasa ni harusi, na harusini huingii bila kualikwa. Ukialikwa, nenda, na ufuate desturi za wenyeji kuhusu majlisi ya wanawake na ya wanaume. Kwingineko, kanda za zamani bado zinapigwa madukani na majumbani, nazo zinatosha kulifunza sikio. Anza na mabwana wawili wanaotofautiana kabisa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu mwaka 1939 aliyefanya kazi yake Mombasa hadi alipofariki 2016, alikuwa bingwa wa udi. Msikilize namna nyuzi zinavyotangulia peke yake, zikitafuta njia, kabla ya ngoma kuruhusiwa kuingia. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alichukua lahani za filamu za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kimvita. Wapo wanaomlaumu kwa kuazima. Mimi siwaungi mkono. Lahani ya kuazima ni mtihani mgumu zaidi, maana urefu wa sauti umekwisha kupangwa na mtu wa Bombay, na mtunzi wa Mombasa hana budi kuleta mizani na vina vyake vikae humo bila neno kuvutwa kwa nguvu wala silabi kumezwa. Bhalo alilifanya hilo, na nyuma yake walikuwapo washairi wa kweli. Ahmad Nassir, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilitoka 1971, alikuwa miongoni mwa waliowatungia waimbaji.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza ni ya maneno. Ondoa muziki, soma ubeti mtupu: je, unasimama? Fumbo lake liwe na nje inayoeleweka na ndani inayouma, na mlengwa aweze kukaa mstari wa mbele akitabasamu. Hukumu ya pili ni tamko. Kimvita hutenganisha t ya menoni na t ya ufizini, na d vivyo hivyo. Mwimbaji aliyelelewa na lugha huzitoa zote hata sauti ikiwa juu kabisa. Ya tatu ni watu. Angalia wanaposimama kwenda kumtuza mwimbaji. Wakiinuka kwa sababu ngoma imechangamka, hiyo ni dansi njema tu. Wakiinuka kwa sababu ya mstari mmoja, na mwimbaji akaurudia mstari huo huo kwa ajili yao pasipo kuharibu mwendo, umeiona taarabu yenyewe.

Zuhura Swaleh akiwa na kundi la Maulidi Juma alileta mtindo mwepesi zaidi, wenye mpigo wa chakacha, na taishokoto, ala ya nyuzi na vitufe iliyotoka Japani, ikilia juu ya ngoma. Wasioipenda taarabu ya polepole waanzie hapo. Ukiiona ngoma ya chakacha yenyewe ikichezwa, tazama mabega, si kiuno. Kiuno kinazunguka kwa mapigo ya ngoma za chapuo na msondo. Mabega na kichwa vitulie. Mchezaji anayetikisa mwili mzima bado anajifunza.

Na usiwapite vijana. Swahilipot, kituo cha vijana karibu na Ngome, ina jukwaa linalotazama bahari, na vijana hughani hapo mashairi yao. Wengi huongea mbio, wakihofia kupoteza wasikilizaji. Mtafute yule anayemaliza mshororo akaacha kimya kifanye kazi yake. Hesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, kama anatunga kwa kanuni. Akikosa mizani na neno likakushika hata hivyo, msikilize hadi mwisho. Akiitimiza yote kwa maneno ya kujazia, msubiri ateremke, mnunulie kahawa, umwambie kwa upole ubeti gani ulilegea, kisha umuulize anasoma tungo za nani.