Unga Mweupe Usio na Jina

Unga uliomo kwenye kichupa ni mweupe, kama zilivyo asidi nyingi ambazo ni yabisi. Fundi wa maabara ya chuo, mama mtulivu wa mikono, ameambiwa jambo moja tu: hii ni asidi. Ni ipi, atafute mwenyewe. Hauonji wala haunusi. Anauweka kando na kuanza na kitu kingine kabisa.

Silaha yake ni haidroksidi ya sodiamu, nayo haiaminiki hadi ipimwe. Vipande vyake vyeupe hunyonya unyevu na kabonidioksaidi ya hewani hata wakati vinapimwa kwenye mizani, kwa hiyo uzito unaosomeka si wa haidroksidi peke yake. Anaiyeyusha kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, akilenga nguvu ya moli 0.1 kwa lita. Nguvu halisi ataijua kwa kuipambanisha na chumvi inayotulia: haidrojeni thalati ya potasiamu, iliyokaushwa kwenye oveni ya nyuzi 110 na kupozwa ndani ya chombo kisichopitisha unyevu. Moli moja ya chumvi hiyo ina gramu 204.22. Anapima karibu nusu gramu, anafunga vioo vya mizani, anasubiri tarakimu ya nne baada ya nukta itulie, ndipo anaandika.

Bureti anaisuuza kwa maji, kisha kwa mmumunyo uleule utakaoijaza, kwa sababu matone ya maji yakibaki ndani yataupunguza nguvu. Anaijaza kwa faneli, halafu anaiondoa faneli. Tone likining'inia humo na kuanguka baadaye litaharibu hesabu nzima. Anafungua koki kwa ghafla ili kiputo cha hewa kwenye ncha kitoke. Ndipo anainama hadi jicho liwe sawa na uso wa kimiminika, anaweka kadi nyeupe nyuma ya kioo, na kusoma sehemu ya chini ya mbonyeo. Mistari ya bureti inaonyesha sehemu za kumi za mililita. Tarakimu inayofuata anaikadiria kwa jicho, na napenda kumtazama akiikadiria, maana haongezi wala hapunguzi ili ipendeze.

Mkono wa kushoto unashika koki, wa kulia unazungusha chupa ya koni. Ndani imo ile chumvi, iliyoyeyushwa kwa maji, pamoja na fenolfthalini isiyo na rangi. Mwanzoni anaachia mkondo mwembamba. Kila unapoigusa chumvi hiyo, ambayo nayo ni asidi, wekundu unachomoza na kuzimika. Wekundu unapoanza kuchelewa kuzimika, anahamia kwenye matone. Halafu nusu tone: analiacha livimbe kwenye ncha, analigusisha ukuta wa chupa, na kulisuuza kwa maji kidogo.

"Mama, si imeshabadilika?" anauliza mwanafunzi aliye pembeni.

"Tikisa kwanza, mwanangu."

Rangi inapotea. Nusu tone jingine, na sasa waridi hafifu linadumu nusu dakika. Anarudia hadi majibu yakubaliane: moli 0.1012 kwa lita.

Sasa ndipo anaugeukia unga. Anapima gramu 0.2000, anaumimina kwenye maji, nao unayeyuka mara moja. Anaandika hilo daftarini bila kulifanya jibu. Waridi linatokea kwenye mililita 34.05. Zidisha kwa nguvu ya mmumunyo, unapata milimoli 3.446 za haidroksidi. Gawanya uzito kwa hizo, unapata gramu 58.04 kwa kila moli ya haidrojeni iliyotolewa. Kama asidi hii hutoa haidrojeni mbili, moli yake ina gramu 116.1.

Hapo mwenye haraka angesimama. Lakini uzito huo unazifaa asidi mbili, asidi ya maleiki na asidi ya fumariki, zenye atomi zilezile kwa idadi ileile. Rangi ya fenolfthalini imemwonyesha mwisho wa safari. Njia yenyewe haikuonekana. Kwa hiyo anachukua kipima pH, anakirekebisha kwa bafa za pH 4, 7 na 10, anapima unga mwingine wa uzito uleule na kuanza upya. Kila baada ya kuongeza kidogo anasubiri namba itulie, anaandika, anaongeza. Karibu na mililita 17 anapunguza hadi tone moja moja. Ni kazi ya kuchosha, nayo haifupishi.

Grafu inapanda ghafla karibu na mililita 17, inatambaa, kisha inapanda tena kwenye 34. Katikati ya mipando hiyo, pH ni takriban 6. Hii ni asidi ya maleiki. Vikundi vyake viwili vya asidi viko upande mmoja wa molekuli. Cha kwanza kikishatoa haidrojeni yake, husaidia kuishikilia ya mwenzake, hivyo ya pili hutoka kwa shida. Katika asidi ya fumariki vikundi hivyo vimetazama pande tofauti, na haidrojeni zote mbili hutoka kwa karibu nguvu ileile. Grafu yake ingepanda ghafla mara moja tu, kwenye mililita 34.