Faragha ya Bustani Haiji kwa Kurefusha Mabati

Rhonda, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, nyumba za ghorofa zinazidi kuota kando ya ploti za zamani, na mwenye bustani anayejikuta chini ya madirisha ya watu hukimbilia kuongeza mabati juu ya ua wake. Hilo ni kosa la gharama. Jicho huona kwa mstari ulionyooka, basi tupige hesabu. Jirani yuko dirishani, jicho lake mita 7.5 juu ya ardhi na mita 8 kutoka kwenye ua wako. Ukiketi mita 4 ndani ya ua, kichwa kikiwa mita 1.2 kutoka chini, utahitaji ua wa mita 3.3 ili asikuone. Ukisogeza kiti hadi mita 1 kutoka kwenye ua huo, mita 1.9 zinatosha. Na ukikiacha palepale, kichanja cha mita 1.8 kilichofunikwa na mpasheni, mita moja mbele yako, kitakusitiri vilevile. Kinachoamua zaidi ni mahali pa kizuizi kuliko kimo chake. Isitoshe, mabati hayapitishi upepo: yakipandishwa kutoka mita 1.8 hadi 2.4, nguvu ya kuyapindua huongezeka kwa karibu asilimia 80, na nguzo zimesimama katika udongo wa majivu ya volkano unaolegea mvua ikikolea. Upepo unaoruka juu ya ukuta huo nao huanguka kwa kishindo upande wa pili, juu ya sukuma wiki.

Ua wa mimea huchuja upepo badala ya kuugomea, na kwa mpakani sioni mmea unaoushinda mchongoma, ule ambao wengi huuita kayaba. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Unavumilia ukame, na miiba yake hakuna mbuzi wala mtu anayeizoea. Kazi yote iko katika kukata. Miche hupandwa kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 50, ncha zikakatwa mapema ili matawi yatoke chini, na ua ukaachwa mpana kwenye shina kuliko kileleni ili mwanga ufike chini. Anayeuacha ukimbilie urefu hupata kilele kizito na miguu mitupu, yaani tundu pale pale mpita njia anapochungulia. Saiprasi hukua upesi zaidi, lakini ukiukata hadi kwenye matawi yasiyo na majani hauchipui tena. Na vidukari vya saiprasi vilipoingia Kenya mwaka 1990, vilikausha nyua nyingi.

Wapo watakaosema mchongoma unachelewa. Ni kweli, unataka miaka, kwa hiyo kichanja cha pasheni kitangulie. Hoja ya usalama ina uzito zaidi: ua mrefu humficha hata mwizi. Kwa hiyo upande wa barabara, ambako jicho la mpita njia liko kama mita 1.6 juu, usizidishe mita 1.8. Mizizi nayo hunywa maji ya mboga, basi matuta yaanze mita moja na zaidi kutoka kwenye ua. Na mpangaji asiyeruhusiwa kuchimba, na wa aina hiyo ni wengi Rhonda, anaweza kupanda pasheni kwenye gunia la udongo na samadi, akasimamisha fito mbele ya mlango wake bila kugusa mpaka wa mwenye ploti.