Valize ya buluu: inasoma nini, na haioni nini

Wandugu walisansye, mimi ni mtu wa agronomia, si mekanisye. Lakini mwenye kununua makemba Bengamisa na kuyauza Kisangani anaishi na injini ya mazuti sawa vile anavyoishi na mvua. Gari ikilala njiani, makemba hayangoji, yanaiva palepale ndani ya karoseri. Kwa hiyo hii ni kritiki ya mtu anayelipa bili, juu ya kile kifaa ambacho siku hizi kila kijana mwenye diploma anakitembeza mfukoni: ile valize ndogo ya buluu, ELM327. Unaichomeka chini ya usukani, simu inaiona kwa Bluetooth, unafungua programu kama Torque, na jioni mtaani wanakuita dokta wa gari.

Tuipe kwanza haki yake. Kwa dola chache inakuonesha joto la maji kwa tarakimu, volti za betri, mizunguko ya injini na kode za makosa. Zamani, ili uone haya, ilibidi umpigie magoti mwenye garaji. Mimi mwenyewe niko nayo na sitaitupa.

Shida yangu inaanzia kwenye swali ambalo hatuulizi: huu mfumo ulizaliwa kufanya kazi gani? OBD-II ililazimishwa Marekani kwa magari mapya ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata, magari madogo ya mazuti yakiingia kuanzia 2003. Nia yake ilikuwa moshi. Serikali zilitaka gari ijiseme yenyewe pale inapoanza kuchafua hewa kupita sheria. Walioiandika hawakuwa wanamfikiria shofere wa barabara ya Buta mwenye tani moja nyuma na tope mbele. Ndiyo maana mu orodha yake ya kawaida hautakuta presha ya oili, na hautakuta kimo cha maji ya radiatere. Angalia vizuri, wandugu: hivi viwili ndivyo vinavyoua injini haraka kuliko vyote, na simu yako itakaa kimya.

Halafu kuna ile valize yenyewe. Kampuni iliyobuni chipi yake, Elm Electronics ya Kanada, iliuza toleo la 1.0 bila kinga ya kunakili. Likanakiliwa, na nakala zikajaa dunia nzima. Nyingi za hapa kwetu zimeandikwa "v1.5", toleo ambalo kampuni hiyo haikulitoa hata siku moja. Na tangu 2022 kampuni imefunga milango. Basi ukiona inaganda kwenye gari moja na kukubali kwenye nyingine, usiseme gari iko na mashetani. Mara nyingi ni nakala isiyoelewa amri zote.

Na gari gani, hata hivyo? Kaa saa moja kando ya njia ya kwenda Wagenia, hesabu Land Cruiser zinazopita. Nyingi za mashirika, na zile kuukuu ambazo mashirika yaliuza, ziko na 1HZ: silinda sita, lita 4.2, inayotengenezwa tangu 1990, bila turbo, na pampu ya sindano ya mekanika. Hakuna kompyuta inayoipimia mazuti. Niliona kijana akipiga magoti ndani ya moja, tochi mdomoni, akitafuta mahali pa kuchomeka. Shofere akamwachia dakika kumi nzima, kisha akamuuliza kwa upole: "Leki, umepoteza nini?"

Kwa hizo ni manometre tu, na hapo pia tunadanganywa. Sindano ya joto iliyo kwenye tablo ya magari mengi haisemi ukweli wote. Watengenezaji waliituliza makusudi, inasimama katikati kwa digri nyingi za kupanda na kushuka, ili mteja asisumbuke. Inapoanza kutembea, umechelewa. Na kuna baya zaidi: kaptere yake inapima maji. Mpira ukipasuka na maji yakatoka yote, kaptere inabaki imening'inia ndani ya hewa na mvuke, na sindano inaweza hata kushuka. Shofere anaona sindano chini, anashukuru Mungu, anaendelea kupanda mlima. Kulasi inapinda. Valize ya buluu nayo ingemwambia uongo uleule, juu inasoma kaptere ileile.

Wavuvi wa Wagenia hawatungiki kikapu mahali ambapo ni rahisi kufika kwa mkono. Wanasimika miti mikubwa ndani ya mawe, katikati ya maji yenye hasira, juu samaki anapita pale. Kipimo kizuri cha joto ni hivyo: kaptere ndogo yenye pete, inayofungwa na bulo juu ya chuma cha kulasi yenyewe, na waya hadi kwenye alarme ndani ya kabini. Maji yawepo yasiwepo, chuma kinapima joto lake. Unatembea siku chache na mzigo, unaandika namba ya juu ya kawaida, unaweka kengele digri kumi hivi juu yake. Ni kifaa kibaya kwa sura, hakiko na rangi, hakiongei na simu. Kwangu mimi kinazidi Torque na michoro yake yote.

Cha pili ni presha ya oili, kwa sindano yenye namba, siyo ile taa nyekundu inayowaka wakati injini imeshaanza kujila. Lakini ukichagua ya mekanika, ile inayoleta oili yenyewe hadi ndani ya kabini, kataa kamrija ka plastiki wanakokupa bure. Kakikatika utamwagiwa oili ya moto miguuni. Kipimo cha presha ya turbo ni kizuri kwa mwenye turbo. Nimekiona kimefungwa kwenye 1HZ isiyo na turbo, kinawaka taa ya buluu usiku, sindano kwenye sifuri tangu Januari. Hiyo ni hereni.

Sasa niseme juu ya kode, maana hapa ndipo pesa za watu zinaliwa. Hilux moja yenye injini ya 1KD ililetwa kwenye garaji ya chini ya mti, karibu na maporomoko. Haivuti, inazima kwenye kilima. Kijana mwenye valize akasoma P0087: presha ya mazuti mu reli iko chini. Akahukumu palepale: pampu imekufa. Mwenye gari akaanza kutafuta pampu, yaani bei ya ng'ombe kadhaa. Mzee mmoja wa garaji akaomba chupa ya plastiki, akamwaga ndani mazuti kutoka kwenye filtre, akaiweka kivulini. Asubuhi, chini ya chupa kulikuwa na vidole viwili vya maji na kutu. Mazuti yalikuwa ya bido, ya kwa Kadhafi wa pembeni ya barabara. Filtre ilikuwa imeziba, pampu ilikuwa inavuta kwa shida, presha ikashuka. Kode ilisema kweli. Aliyeisoma ndiye aliongeza ya kwake.

Sisi wa agronomia tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Jani la muhogo likigeuka njano, inaweza kuwa mozaiki, udongo uliochoka, au mizizi iliyolala ndani ya maji. Nani kati yetu angeandika "njano" kwenye ripoti na kuagiza mbolea? Profesa angekuchekea mbele ya auditwari nzima. Lakini mbele ya gari tunaandika P0087 na kuagiza pampu. Kwa 1KD, inayovuta mazuti yenyewe toka tanki, manometre ya kunyonya iliyowekwa kati ya filtre na pampu ingeonesha kuziba mapema, kabla ya kode yoyote. Na chupa ya plastiki haina bei.

Wapo watakaosema ninawanyima vijana mkate, maana kusoma kode ni kazi ya mikono kwa walisansye wasio na ajira. Wasome, na walipwe kwa kusoma. Lakini anayedai dola za "diagnostiki" aguse pia mpira wa radiatere, afungue filtre, aulize mazuti yalinunuliwa wapi. Bila hivyo anauza namba ambayo simu imempa bure.

Kuzipata ni hadithi nyingine. Mu soko kuu, valize za buluu ziko kwenye meza nyingi, kati ya chaja na spika. Alarme ya joto la kulasi niliitafuta kwa wiki nzima, wauzaji wakanionesha alarme za wizi. Ile tuliyofunga kwenye gari ya koperative ilitoka Kampala ndani ya begi la msafiri, na waya wake ulikuwa mfupi, tuliurefusha kwa waya wa spika.